Siku Moja Kabla ya Kuitwa Anastasia

Nilipoambiwa kwamba jina langu halikuwa na kosa lolote, nilikuwa nimeshika mshumaa ambao haujawashwa, na jambo la kwanza nililofikiria ni kwamba viatu vyangu vinanibana.

Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Ganzi. Wiki tano tangu baba yangu aache kusema nami, mwili wangu ulikwenda kazini, ulikula, ulipanda treni na kurudi, na mimi mwenyewe nilikuwa mahali pengine nisipopajua. Usinionee huruma. Haikuuma hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, kanisani Hayes, huku Ulaya tunakoishi, siku ya mazoezi. Kesho yake, Jumapili ya Pentekoste, ningebatizwa peke yangu, maana wenzangu wa darasa walibatizwa Pasaka na mimi nilikuwa kitandani na homa ya mapafu. Msimamizi wangu wa ubatizo alikuwa kazini, kwa hiyo mchumba wangu Telesphor alisimama badala yake. Alivaa shati la bluu alilolipiga pasi mwenyewe, mstari wa mkono umenyooka mpaka kwenye kiwiko. Bega lake lilikuwa karibu na bega langu. Miezi mitatu nyuma ukaribu ule ungenifanya nisahau hata sala ya Baba Yetu.

Padri Jules, Mkongo wa Bukavu, mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza kanisa, alishika karatasi yake kwa mbali kwa sababu alikuwa amesahau miwani.

"Basi kesho nitamimina maji hivi, na nitasema: Anastasia, ninakubatiza..." Akasita. Akaniangalia. "Mwana yangu, nikuulize. Hili jina la Anastasia, unalipenda?"

"Padri, si ndilo la lazima?"

"Lazima? Nani alisema lazima?"

Nilidhani ananitania, maana ni mtu wa utani.

"Hapa haiko lazima," akasema. "Kama unataka kuongeza jina la mtakatifu, unaongeza. Kama hutaki, unabaki na lako. Rupinder ni jina zuri, halimtukani Mungu. Nilimwelezea Telesphor siku alileta fomu. Si alikuambia?"

Nikageuka kumtazama Telesphor. Alikuwa anatazama vigae vya sakafuni kwa makini sana, utafikiri ameajiriwa kuvihesabu.

"Aliniambia," nikamwambia Padri. Sijui kwa nini nilimtetea. "Nilisahau tu."

Tukaendelea na mazoezi. Nikafundishwa wapi pa kuinama na wapi pa kusimama, na mshumaa nitaupokea kwa mkono gani. Nilifanya yote vizuri. Padri akanisifu.

Lazima nieleze habari ya jina langu, la sivyo utaniona mwanamke wa kukuza mambo.

Sisi ni Makalasinga wa Nakuru. Kwetu mtoto hapewi jina kwa kupendezwa nalo. Nilipozaliwa, wazazi wangu walinipeleka gurdwara, hekalu letu, Kitabu chetu kitakatifu kikafunguliwa palipofunguka, na herufi ya kwanza ya wimbo uliotokea ndiyo iliyoanza jina langu. Ilikuwa ra. Mama alikuwa ameota kuniita Jasmeet tangu mimba ina miezi minne, lakini Kitabu kilisema ra, basi nikawa Rupinder. Mama, aliyefariki miaka minane iliyopita, alikuwa akinisimulia habari hiyo huku akicheka: jinsi alivyolia kidogo, kisha akaninong'onezea jina langu sikioni, na mimi nikapiga chafya.

Baba yangu, Mzee Jaspal, ana duka la vitambaa Southall. Hakumkataa Telesphor, usimsingizie. Alimpenda kabla yangu. Dukani kwetu Kiswahili ni lugha ya siri, kwa sababu Southall kumejaa Wapunjabi, na ukimsema mteja kwa Kipunjabi, unamsema usoni. Siku Telesphor alipoingia kwa mara ya kwanza, akigusagusa kila jora, Baba akaniambia kwa Kiswahili, "Rupi, huyu hajui anachotaka. Mwonyeshe ile ya maua imekaa miaka miwili." Telesphor akageuka, mkono kifuani: "Shikamoo mzee. Ninachotaka nakijua, ila hiyo ya maua mama yangu hawezi kuivaa, atanilaani." Baba alicheka mpaka akashika meza. Akaagiza chai. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, na yule Mhaya mrefu aliponitazama, nilikata kitambaa cha mtu upande.

Hata kanisa Baba hakulipigia kelele. Nilianza kwenda kwa sababu ya Telesphor, nikabaki kwa sababu zangu, na Baba aliliona hilo. "Kusali, sali unapopata amani," aliniambia. Lakini nilipomwambia kwamba kanisa linanilazimisha kuacha jina, alikunja tepu yake ya kupimia taratibu mpaka ikaisha.

"Hilo jina sikulitoa mfukoni mwangu," alisema. "Siku utaitwa lingine, mimi sitajua namwita nani. Kwa hiyo sitaita."

Na kweli hakuita tena. Tunakaa nyumba moja. Chai yangu niliikuta imefunikwa kila asubuhi, lakini jina langu halikutamkwa ndani ya nyumba ile kwa wiki tano.

Nje ya kanisa kuna benchi linalotazama kituo cha basi. Tulikaa hapo, mimi na Telesphor, na katikati yetu nikaweka mkoba wangu.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Stasia, nisikilize kwanza."

Alikuwa ameshaanza kuniita hivyo, Stasia, tangu Machi. Hata kwenye simu yake ndivyo alivyoniandika.

"Tangu lini, Telesphor?"

"Wiki tano, sita hivi." Akapitisha kiganja usoni. "Lakini mwanzoni sikukudanganya. Naapa. Sisi kwetu Bukoba, wewe ulisikia wapi mtu kabatizwa bila jina la mtakatifu? Hata ukiwa unakufa, watu watakuchagulia la haraka haraka. Sikuwahi kufikiri kuna namna nyingine. Nikajua ni hivyo dunia nzima."

"Hapo nakuamini."

"Nilipopeleka fomu, Padri akasema si lazima. Nikashtuka. Nikasema nitakwambia Ijumaa. Ijumaa mama akapiga simu."

Sikuhitaji kuambiwa mama alisema nini. Anastasia lilikuwa jina la bibi yake Telesphor, mama wa mama yake. Mama yake Telesphor alikuwa amelitoa yeye mwenyewe, akiwa amekaa kitandani kwake na miguu yake inayovimba, na tangu siku hiyo alipokuwa akinipigia hakuniita mkwe wala mwanangu. Aliniita mama. "Mama yangu, umeamkaje? Mama yangu, umekula?" Mwanamke wa miaka sabini na sita ananiita mama, mimi ambaye wangu nimemzika. Nilipenda. Siwezi kudanganya, nililipenda jina lile siku zile za kwanza.

"Ameshawaambia parokia nzima," Telesphor akasema. "Amewaambia mama yake amerudi, yuko Ulaya. Ungekuwa wewe ungemwambiaje?"

"Na baba yangu ungemwambiaje?"

Akaanza kuchezea kifungo cha mkono wa shati.

"Ulijua hasemi nami. Nilikuja kwako na habari hiyo, ukanifuta uso na leso yako. Ukasema atazoea. Wakati huo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," akasema polepole.

Hapo ndipo nilipaswa kulia, au kumpiga na mkoba. Nilisubiri. Basi likapita, wakateremka watu wawili wenye fulana za ghala anakofanya kazi Telesphor, mmoja akampungia mkono, naye akampungia. Nikautazama mkono ule, na kovu la kisu cha kufungulia maboksi chini ya kidole gumba. Nilikuwa nimelibusu kovu lile mara nyingi. Nilijua kwamba nampenda kama ninavyojua anwani ya nyumbani: ningeweza kuitaja, lakini hakuna nilichosikia nilipoitaja.

"Sema kitu," akaniomba. "Nitukane basi."

"Unajua kazini nafanya nini?"

"Unatoa watu damu. Kwani nini?"

"Kabla ya sindano tunauliza jina. Lakini hatumwambii mtu, wewe ni Bi. Fulani? Ni marufuku. Mgonjwa ana hofu, ana usingizi, ukimtajia jina lolote anakubali tu. Unamuuliza, jina lako nani? Unamwacha aseme mwenyewe." Nilisikia sauti yangu ikiwa shwari kabisa, sauti ya kliniki. "Wewe ulikuja na fomu umeshaijaza. Ukaniambia, utakuwa Anastasia, sawa? Nami nikasema sawa."

"Ulisema sawa kweli."

"Nilisema. Ndiyo maana sikutukani."

Nikachukua mkoba. Alitaka kunishika mkono, akaona uso wangu, akauacha mkono wake hewani.

"Unaenda wapi? Stasia! Kesho je?"

Sikugeuka. Kutoka Hayes mpaka Southall kwa treni ni kituo kimoja tu, hata huwahi kupata wazo la maana.

Baba alikuwa anapima hariri ya mama mmoja wa makamo. Nilipoingia, aliinua macho, akayarudisha kwenye tepu. Nikapita nyuma ya kaunta, nikavua koti, nikashika ncha ya pili ya kitambaa kama nilivyofanya tangu nina miaka kumi na miwili. Alinikubalia nishike. Hilo hakuwahi kunikatalia.

"Papa," nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu ya mteja. "Kanisa halikunilazimisha."

Tepu ikasimama.

"Padri ameniambia leo. Ningeweza kubaki na jina langu tangu mwanzo. Telesphor alidhani ni lazima, halafu akajua si lazima, akanyamaza."

Nilidhani atafurahi. Kweli nilidhani hivyo. Nilipokuwa kwenye treni nilimwona kabisa akinyoosha mikono.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Wewe uliuliza? Ulienda kwa padri, ukasema, padri, hili jina nimepewa na Kitabu, baba yangu atavunjika, hakuna njia nyingine? Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Haukuuliza." Akalirudia neno hilo mara mbili. "Unajua, wiki tano nimekasirikia kanisa. Nimelikasirikia vizuri sana. Nikipita pale mbele nageuza uso. Nikasema, mtoto amebanwa, afanye nini? Sasa unakuja kunipokonya hata hiyo. Sasa nikasirikie nani?"

"Mimi, Papa."

"Wewe?"

"Unikasirikie mimi. Nilikubali bila kuuliza. Niliona ni rahisi."

Ndugu msomaji, nikagombezwa. Mzee Jaspal alifungulia yote aliyoyafungia wiki tano. Nilikuwa mjinga, nilikuwa nimesomeshwa bure, mama yangu alilala gurdwara siku mbili kuniombea nilipougua surua, koti langu lilikuwa jembamba kwa homa ya mapafu, na chakula nilichokuwa nikiacha kwenye sahani nilidhani nani hakioni? Aliyasema yote kwa Kiswahili cha Nakuru huku akikata hariri bila kukosea mstari. Yule mteja, maskini, alidhani ndiye anayegombezwa, akarudisha leso moja kwenye rafu.

Nami nilisimama pale nikayapokea, na jambo la ajabu likaanza. Lilianzia vidoleni. Unajua mguu uliokufa ganzi unavyokuwa damu inapoanza kurudi, jinsi hutaki mtu auguse? Ilikuwa hivyo, lakini kifuani.

Mteja alipotoka na hariri yake, kengele ya mlango ikalia tena. Alikuwa Telesphor. Alikuwa anahema, shati lile la bluu limelowa mgongoni.

Baba alimtazama juu mpaka chini. Kisha akanigeukia mimi.

"Rupi," akasema. "Mwulize huyu mteja anataka nini."

Rupi. Nikashika kaunta.

"Shikamoo, mzee," akasema Telesphor.

"Marahaba." Adabu ni adabu, hata Baba akiwa na hasira. "Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Kwako, mzee. Nilimwacha mtoto wako akubebeshe uchungu ambao mimi ningeweza kuuondoa kwa neno moja. Sikulisema. Niliogopa kumvunja moyo mama yangu, nikauvunja wako. Sina la kujitetea."

Baba akatikisa kichwa kidogo. Alikuwa bado anampenda, niliona, na hilo lilimwongezea hasira.

"Kwangu umeomba. Nani mwingine?"

"Na kwake."

"Yeye nani? Hapa dukani tuko watu wengi, kuna mimi, kuna majora. Mtaje unayemwomba."

Telesphor akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake niliona kila kitu nilichokipenda: zile Jumapili za mvua, alivyokuwa akinipasha vidole kwa pumzi yake kituoni, alivyoniambia siku moja kwamba akizeeka angependa azeeke akinisikia nikigombana na simu. Nilitaka kumsaidia. Ningeweza kulitamka mimi, likaisha. Lakini kanuni ni kanuni. Mwache aseme mwenyewe.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe, Stasia."

Lilimtoka kwa upendo kabisa, hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa hajui amesema nini. Alijua alipouona uso wa Baba.

"Rupinder," akasema haraka. "Rupi. Jamani, ni mazoea tu. Ulimi."

"Najua ni mazoea," nikasema.

Na hapo ikauma. Iliuma mbavuni na kooni, na kwa sekunde moja karibu niombe ganzi yangu irudi.

"Sikiliza, Telesphor," nikasema. "Kesho saa tano nabatizwa. Kwa jina langu. Kanisa si langu, ukitaka kuja, njoo, na ningependa uje. Lakini ndoa tuiweke kando."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utaniita bila kujikwaa. Siku hiyo utakuja hapa, utaniuliza upya, na mimi nitakujibu. Sitasema sawa tu. Nitakujibu kweli."

"Na mama? Nitamwambia nini mama?"

"Mama nitampigia mwenyewe leo. Akitaka kuendelea kuniita mama, aniite mpaka achoke. Hilo halihitaji maji."

Midomo ya Telesphor ilitikisika bila sauti, nami nikaelewa kwamba analifanyia mazoezi, Rupinder, Rupinder, kama mtoto anayetumwa dukani asisahau. Nilikaribia kuzunguka kaunta. Sikuzunguka. Akainamisha kichwa kwa Baba, akafungua mlango, kengele ikalia, na kupitia kioo nilimwona akivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, basi likampigia honi.

Baba alichukua jora la hariri, akaanza kulikunja. Nikachukua ncha ya pili. Tukakunja mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, yeye akija kwangu na mimi nikienda kwake.

"Hiyo kanisa," akasema, macho kwenye kitambaa. "Iko na parking?"

Nikamwambia iko, kule nyuma, ila afike mapema kwa sababu Jumapili inajaa. Kisha nikakaa kwenye kigoda cha wateja, hariri bado iko mkononi, nikalia.